Yaya na Sahani ya Watoto

Mpaka leo nikiona kuku na chipsi kwenye sahani ndogo ya plastiki, hasira hunipanda. Watu hudhani sipendi kuku. Kuku hana kosa. Namkumbuka yaya wa ile nyumba ya Aziziya, Jeddah, ambako niliendesha gari kwa miaka sita. Mwanamke yule alilishwa kuku huyo huyo katika mikahawa ya karibu kila taifa duniani, na hakuna siku hata moja aliyosema hamtaki.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni binti wa nani. Hayo anayajua mwenyewe na watu wa kwao. Mimi nilimkuta pale, Mkenya mwenzangu, amenitangulia kwa miaka mitatu, na siku niliyofika aliniuliza kama nimekula kabla hajaniuliza jina. Jina langu hakulitumia sana. Aliniita Dere, kwa sababu mimi ni dereva, nami nikamwita Auntie. Watoto watatu wa nyumba ile walimwita Yaya, neno walilolipata kwake mwenyewe, na mwishowe hata wazazi wao wakamwita hivyo, kana kwamba ndilo jina lililoandikwa kwenye ikama yake, kile kibali cha kuishi kule.

Familia ile ilipenda kula nje. Kila Ijumaa baada ya sala ya mchana, baba, yaani bosi wetu, alitangaza taifa. Hakutaja mkahawa, alitaja taifa: leo Italia, leo Uchina, leo Uturuki. Mimi naleta gari mlangoni. Baba anakaa mbele, mkewe, yaani madam, katikati na watoto wakubwa wawili, Yaya anajipenyeza kiti cha nyuma kabisa na yule binti mdogo pamoja na mifuko. Tukifika, mimi nabaki kwenye gari. Yaya anaingia nao, maana binti mdogo hakukubali kulishwa na mtu mwingine yeyote, hata mama yake.

Kilichotokea ndani nilikishuhudia mara nyingi, kwa sababu mara mtoto amesahau kofia, mara madam anataka chaja, naitwa niingize. Menyu zinaletwa, kubwa, za ngozi, nyingine nene kama Biblia. Baba anapewa yake, madam yake, wale wakubwa wawili wanagombania moja. Yaya hapewi. Madam anachagua taratibu, anauliza maswali, anabadilisha mawazo. Akimaliza anafunga menyu na kusema, "Na sahani nne za watoto." Tatu za watoto, ya nne ya Yaya. Vipande vinne vya kuku, chipsi, juisi ya kijisanduku yenye mrija, na mdoli wa plastiki ndani ya mfuko.

Mama mzima, aliyevuka miaka hamsini, ananyonya juisi kwa mrija.

Lazima niseme ukweli: madam hakuwa mtu mbaya. Alimlipa vizuri, alimnunulia dawa ya magoti, na Yaya alipofiwa na dada yake, madam alilia naye jikoni. Hilo ndilo lililonichosha. Angekuwa mkatili ningejua pa kuelekeza hasira zangu. Yeye aliamini kabisa kwamba anamfanyia Yaya hisani, kwa sababu katika nyumba nyingine za mtaa ule yaya alikaa mezani bila sahani yoyote, ameshika mtoto tu, akiangalia watu wakitafuna.

Na Yaya alikula. Alikula vyote isipokuwa chipsi tatu. Sikuzote tatu, zimepangwa ukingoni mwa sahani, mkahawa wowote ule. Huyu ni mtu ambaye nyumbani aliokota punje ya wali sakafuni na kuihutubia. Aligombana na watoto kwa sababu ya maganda ya mkate. Siku moja nikamuuliza, "Auntie, mbona unaacha chipsi?"

"Hizo tatu ndizo zangu," akasema. "Zile zingine nilipewa. Hizi nimeamua mwenyewe."



Mchezo wetu ulianza njia ya kurudi nyumbani. Ndani ya gari tuliweza kuongea Kiswahili wazi wazi, maana baba alikuwa kwenye simu na madam alisinzia. Binti mdogo peke yake ndiye aliyeokota maneno, na maneno aliyookota yalikuwa "wacha ujinga" na "kula haraka", ambayo aliwaambia wageni wa baba yake bila aibu. Namtazama Yaya kwenye kioo, namwuliza, "Haya Auntie. Leo?"

Anafikiri kidogo. Kisha anasema, "Leo ningechukua uyoga wa krimu. Halafu zile tambi za kupangwa pangwa na nyama. Halafu nisimalizie kitu kitamu, ningemalizia kahawa."

Kwa Mchina alisema ningechukua bata. Kwa Mlebanoni ningechukua bilinganya, ile wanayoiponda, na mkate wake wa moto. Kwa Mturuki alikaa nusu saa nzima ya foleni akipima kama angechukua ini au mbavu. Hakusema kamwe "natamani" wala "laiti". Alisema ningechukua, kama mtu anayezungumzia biashara.

Siku nyingi nilidhani anabuni. Halafu nikagundua kwamba anasoma. Kiarabu cha kusoma alikipata kwa binti mdogo, walipokuwa wakifanya kazi za shule pamoja sakafuni, na alichokisoma baada ya hapo kilikuwa menyu. Mkahawani aliisoma ya madam juu chini kutoka upande wa pili wa meza. Nyumbani alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga chini ya kitanda, na ndani yake hakukuwa na pesa wala barua, kulikuwa na zile menyu za karatasi ambazo mikahawa husambaza milangoni. Nikitoka siku yangu ya mapumziko kwenda mtaa wa Hindawiyah kuona vijana wa kwetu, agizo lilikuwa moja: "Dere, ukipita kwa Wahabeshi na Wayemeni niletee menyu. Isiwe na mafuta." Hakuna aliyeniagiza kitu rahisi zaidi, na hakuna aliyenitia aibu zaidi mbele ya wahudumu. Unaingia, hununui hata chai, unaomba karatasi.

"Si umwambie madam kwamba unajua kusoma?" nilimuuliza.

"Ndio anipe masomo ya watoto wote watatu? Wewe hunipendi."

Alizisoma kwa miwani, kabla ya kulala, ukurasa kwa ukurasa. Kutokana na kusoma tu akaanza kupika. Aliwahi kutengeneza zile tambi za kupangwa pangwa bila kuwahi kuzionja, kwa kufuata maelezo mawili matatu ya chini ya picha, na baba akala, akala tena, akapiga meza akisema ni kama za mkahawani kabisa. Yaya alisimama mlangoni na mwiko. Sura yake siku hiyo sikuielewa. Baadaye akaniambia, "Sasa amesema ni kama za mkahawani. Mimi nitajuaje kama anadanganya?"

Nisije nikamfanya malaika, kwa sababu jikoni kwake alikuwa dikteta. Hakuniuliza hata siku moja ninataka chai ya rangi au ya maziwa. Alileta ya maziwa, yenye tangawizi ya kukereketa koo, akasimama mpaka ninywe. Nilipokuwa na vidonda vya tumbo aliniwekea pilipili akisema vidonda vinaogopa pilipili. Nikilalamika ananiambia, "Kwani hapa ni mkahawa? Kula." Mtu aliyeumia hivyo kwa kutoulizwa, hakuuliza mtu. Nilimwambia hivyo siku moja na akacheka mpaka akashika ukuta, lakini kesho yake chai ilikuja ya maziwa vilevile.

Kuna siku baba alitangaza Japani. Mkahawa ule wa Kijapani haukuwa na sahani ya watoto yenye kuku. Watoto walipewa wali na samaki, wakafurahi. Nikadhani hatimaye siku imefika. Simu yangu ikalia. Madam ananituma nivuke barabara, kuna duka la kuku wa kukaanga, nimletee Yaya kuku na chipsi, maskini asije akakaa na njaa. Nikavuka barabara mbili kwenye lile jua la Jeddah, nikapanga foleni, nikarudi na boksi. Mhudumu akanizuia mlangoni, chakula cha nje hakiruhusiwi. Tukabishana. Akaitwa meneja, na madam naye akaja kunitetea kwa sauti kubwa. Watu wazima wanne tulibishania haki ya Yaya kula kitu asichokitaka, naye ameketi kule ndani anatazama sahani za wenzake. Tulishinda. Nilimpelekea boksi mezani kwa mkono wangu mwenyewe, na akaniambia "asante Dere" kwa upole ulionifanya nitamani kulitupa boksi lile baharini.

Njiani sikuuliza "leo". Aliniambia bila kuulizwa. Angechukua samaki mbichi. "Nijue kama ni kweli watu wanaweza," akasema.

Uvumilivu ulinishinda Ijumaa moja tukielekea kwa Mhindi. Nikasema kwa Kiarabu changu cha kuungaunga, "Madam, Yaya anataka kuchagua chakula chake leo."

Madam aligeuka nyuma, ameshangaa kikweli. "Lakini anapenda kuku! Kila siku anamaliza. Yaya, hupendi kuku?"

"Napenda sana, madam," Yaya akajibu. "Kuku mzuri sana."

"Unaona?" madam akaniambia, bila ubaya wowote.

"Halas, basi," baba akasema. "Angalia barabara."

Siku nne Yaya hakunisemesha. Chakula changu kilikuwa kinawekwa kwenye ngazi kimefunikwa, na mwenyewe hayupo. Siku ya tano alitoka, akasimama mbele ya gari nikiliosha.

"Nani alikutuma?"

"Nilikuwa nakusaidia, Auntie."

"Ulikuwa unanisemea. Kwani mimi sina mdomo?"

"Unao, lakini huutumii! Miaka yote hii! Ungesema neno moja tu, angekupa menyu siku hiyo hiyo."

"Najua angenipa." Aliketi kwenye ngazi, akajikanda goti. "Angenipa, halafu wote mezani wangenitazama nikichagua. Nikichagua cha juu, nimezidisha. Nikichagua cha chini, wananihurumia. Kuchagua gani huko? Sikia Dere. Siku nikimaliza hapa, nimepata exit yangu ya mwisho ya kurudi nyumbani, nitaketi kwenye kiti kama mteja. Niletewe menyu yangu peke yangu. Nisome yote, kutoka mwanzo mpaka kwenye juisi, bila mtu kuniambia yalla, haraka. Halafu nimwite mhudumu nimwambie mimi mwenyewe. Hicho tu ndicho ninachotaka katika nchi hii. Mengine nimeshapata."

"Nitakupeleka mimi," nikasema. "Haki ya Mungu."

"Utanipeleka, sawa. Lakini kuagiza ni mimi. Wewe utakuwa kando, umenyamaza. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Mwaka uliofuata nilihamia Riyadh. Kampuni moja ilikubali kunichukua kutoka kwa kafili wangu, yaani bosi aliyenidhamini, nikaanza kuendesha wahandisi. Kazi ni bora, jiji ni foleni tupu. Yaya hakuacha mchezo. Kila Ijumaa jioni uliingia ujumbe wa sauti: "Dere, leo tulikuwa kwa Mmeksiko. Kelele nyingi. Ningechukua ile supu ya mahindi." Nilikuwa nikiusikiliza kwenye maegesho, nikiwasubiri wahandisi, na nilicheka peke yangu.

Halafu mwaka jana ukaja ujumbe mwingine. Amepata exit. Watoto wamekua, binti mdogo sasa anajilisha. Tiketi aliyokatiwa inapitia Riyadh, na pale atakuwa na saa saba kabla ya ndege ya Nairobi. "Sasa Dere," akasema, na nikasikia anacheka, "ile ahadi yako bado iko, ama uliiacha Aziziya?"

Niliiandaa siku ile kama mtu anayeoa. Nilizunguka mikahawa wiki mbili nikiulizia menyu, wahudumu wakiniona mwendawazimu. Mwishowe nikapata mmoja wa Kiitaliano wenye menyu ya kurasa kumi na mbili, jalada la ngozi, maandishi makubwa ambayo hata bila miwani angeyasoma. Nikaweka nafasi ya meza ya dirishani, watu wawili. Zamani dereva na yaya wasio ndugu wasingethubutu kuketi pamoja hivyo, lakini mambo yamebadilika, hakuna anayeuliza tena. Nikaomba ruhusa kazini na nikaazima gari la kampuni.

Ndege ya kutoka Jeddah ikachelewa. Saa moja, ikawa mbili, ikakaribia tatu. Alipotokea mlangoni na begi lake la magurudumu na ule mkebe wa maziwa mkononi, nilikuwa nimekwisha kula kucha zote. Alikuwa amevaa abaya mpya na viatu vya kanisani. Nilimfungulia mlango wa mbele, lakini kwa mazoea alikwenda akaketi nyuma, na sikuwa na muda wa kubishana.

Barabara ilikuwa imejaa. Magari yamesimama kama yameegeshwa. Nikapiga hesabu: kufika, kuegesha, menyu kuletwa, yeye kusoma kurasa kumi na mbili, chakula kupikwa, kurudi uwanjani, kukaguliwa pasipoti. Haitoshi. Jasho likanitoka. Nikaona sherehe yote inaharibika kwa sababu ya taa za barabarani.

Sasa, dereva yeyote wa nyumba za kule anajua la kufanya hapo. Ndiyo kazi yangu miaka yote: bosi akichelewa, dereva anapiga simu mbele, bosi akiketi chakula kiko tayari. Nikafika kwenye taa nyekundu, nikapiga simu. Na sikuagiza ovyo. Niliagiza vitu vyote alivyowahi kusema angechukua kwa Mwitaliano, nikivikumbuka kimoja kimoja. Uyoga wa krimu. Tambi za kupangwa pangwa. Kamba wa baharini kwa limau, wale aliowataja Ijumaa mbili mfululizo. Kahawa ya mwisho, bila kitu kitamu. Nilikata simu nikijiona shujaa. Yeye alikuwa anatazama majengo nje na sikumwambia, nikitaka ashangae.

Tulipofika, mlangoni palikuwa na ubao wenye vyakula vya siku hiyo. Nilipomaliza kuegesha nilimkuta amesimama mbele yake, ameshika mkebe, midomo ikicheza taratibu kama mtu anayesali.

"Yalla, Auntie," nikamwambia. "Chakula kitapoa."

Aligeuka akanitazama. Sikuona kitu katika ule mtazamo, nilikuwa natazama saa.

Mezani menyu mbili zilikuwa zimewekwa juu ya vitambaa, zile za ngozi. Aliketi, akanyoosha kitambaa, akatoa miwani kwenye mkoba, akaivaa. Mhudumu akaja, kijana wa Kifilipino mwenye adabu zake. Akaona jina langu kwenye karatasi, akatabasamu, akasema kila kitu kiko tayari, bwana. Akaziokota menyu zote mbili ili apate nafasi ya sahani. Mkono wa Yaya ulikuwa juu ya ile yake. Aliuondoa.

"Nimeshakuagizia kila kitu," nikasema. "Vyote unavyovipenda. Umeona?"

"Nimeona," akasema. Akavua miwani, akaikunja, akairudisha mkobani.

Vikaja, vizuri, vinafuka moshi. Alikula. Alisifu uyoga. Alisema zile tambi zake za Aziziya zilikuwa na chumvi zaidi, kumbe baba hakudanganya sana. Aliniuliza habari za kazi na za nyumbani, akanikumbusha kunywa maji, akaniwekea kamba kwenye sahani yangu bila kuniuliza kama nataka. Nilikuwa na furaha isiyo kifani. Niliongea mimi zaidi. Wakati mhudumu anaondoa vyombo niliona kwenye sahani yake kamba watatu, wamepangwa ukingoni. Nikadhani ameshiba.

Tukarudi barabarani, yeye nyuma na mkebe mapajani. Foleni ilikuwa imepungua kidogo. Nilimtazama kwenye kioo kama zamani na nikamngoja aseme kitu, kwa sababu siku nzima ilikuwa yake na nilitaka kusikia imekuwaje.

"Asante, Dere," akasema. "Chakula kilikuwa kizuri sana."

Sauti ile niliijua. Niliisikia Ijumaa ile tukielekea kwa Mhindi, na siku ile aliyeambiwa alikuwa madam, si mimi. Taa ikawa nyekundu, nikasimama, nikageuka nyuma kabisa kumtazama bila kioo. Hakuwa amekasirika. Laiti angekasirika. Alikuwa anaangalia nje dirishani, anafikiri kidogo, kama alivyofanya sikuzote.

"Auntie," nikasema.

"Leo ningechukua samaki," akasema. "Yule wa ubaoni pale mlangoni."

Taa ikawa kijani, na magari yote ya nyuma yakaanza kunipigia honi.